Sura ya Sita: Majani Mabichi Sandukuni

Chumba alichofia Mzee Cornel Chidawali kilinuka mkojo wa panya. Juu ya mkojo wa panya kulikuwa na gundi iliyooza, kahawa iliyomwagika ikakaukia sakafuni, na jasho la wanaume wazima waliokuwa wakikutana humo kila Jumapili baada ya ibada, madirisha wameyafunga ili vumbi la Dodoma lisiguse mali yao. Inspekta Debora Mazengo alisimama kizingitini, akavuta ncha ya kilemba chake akaziba pua. Mwanamke huyu alikwisha kuopoa maiti kwenye shimo la choo bila kukunja uso. Hapa uso ulijikunja wenyewe.

"Ni magazeti tu, afande," alisema Koplo Erick nyuma yake.

"Panya hawajui hivyo. Wao wanajua ni choo."

Masanduku ya bati, yale wanayobeba wanafunzi wa bweni, yalipangwa ukuta hadi ukuta, na kila moja limeandikwa mwaka kwa rangi nyeupe. Ndani yake yalilala magazeti ya magari ya zamani, yaliyochapwa Ulaya kabla Debora hajazaliwa. Mzee Cornel, karani mstaafu wa bohari, hakuwahi kumiliki gari maishani mwake. Alikuwa mtu wa baiskeli mpaka magoti yalipokataa. Lakini magazeti! Aliyaomba kwa wamisionari waliokuwa wanafungasha kurudi kwao, akayachimbua kwa wauza vitabu chakavu, akayabeba kichwani kutoka stesheni ya treni kama mtu aliyebeba yai. Na wenzake wenye ugonjwa huo huo walikuja kuyasoma, mmoja akisoma kwa sauti, wengine wamefumba macho kama wanaombewa.

Alhamisi alasiri jirani alimkuta mzee amelala kifudifudi katikati ya masanduku hayo. Amekufa, paji la uso limechanika.

"Nisomee tena tulichonacho," alisema Debora.

"Mtumishi wake wa ndani, Elieth," alisema Erick. "Alhamisi ile ile tulimkamata stendi, ana furushi la kurasa za magazeti haya, anataka kupanda gari. Mzee alimfuma anaiba, dada akamsukuma, mzee akaanguka. Kesho asubuhi anapandishwa kwa hakimu kwa mauaji."

"Na mauaji hayana dhamana."

"Hayana, afande."

"Mtoto wake je?"

Erick alikwaruza kisigino sakafuni. "Yuko kwa mdogo wake, Chamwino. Bado ananyonya. Lakini hata wauaji huzaa."

Debora alimwangalia kidogo, kisha akaachana naye. Maneno ya daktari alikuwa nayo kichwani tangu asubuhi: lile jeraha la usoni ni la kuanguka, halikuingia ndani hata chembe. Kilichomwua mzee ni pumu. Alibanwa, akakosa hewa, akaanguka.

"Pampu yake iko wapi?"

"Ile ya kuvuta mdomoni? Tumeshaichukua, ni kielelezo. Ilikuwa juu ya rafu ile."

Rafu yenyewe ilikuwa ubao uliopigiliwa karibu na dari. Debora akajinyoosha, akasimama kwa vidole vya miguu. Mkono wake ukaishia njiani.

"Mzee Cornel alikuwa na kibiongo," alisema. "Elieth ananifika begani. Mgonjwa wa pumu pampu yake hulala nayo, huenda nayo chooni. Haiweki darini."

"Huyo dada angepanda juu ya masanduku."

"Haya, panda."

Erick akapanda. Mfuniko ukabonyea kwa kishindo, koplo nusura aende na ukuta. Akashuka anajipangusa suruali.

"Umeona?" alisema Debora. "Bati hizi zote zilikuwa zimenyooka mpaka ulipokanyaga wewe. Aliyeiweka pampu kule juu ni mtu mrefu, aliyesimama sakafuni kwa miguu yake miwili."

Basi akaanza kufungua masanduku, moja baada ya jingine. Kazi ya kinyaa. Mende walimpanda mkononi. Mayai yao yalikuwa yamegandamana pembeni kama ukoko wa uji. Katika kila sanduku, katikati ya magazeti, palikuwa na majani ya mwarobaini ya kufukuza wadudu, na majani hayo yalikuwa makavu, ya kahawia. Ukiyagusa yanakuwa unga. Alifungua, akagusa, akafunga. Akafungua, akagusa, akafunga.

Sanduku la mwaka hamsini na nane ndilo lililomsimamisha.

Majani ya humo yalikuwa yamesinyaa tu. Bado kijani. Ukiyafikicha yanatoa ule uchungu wake unaopanda puani. Halafu juu ya majani kulikuwa na vidoa vyeupe, vidogo kama chawa. Debora aliloweka kidole mate, akasugua. Havikutoka. Na kwenye safu ya magazeti, palipotakiwa gazeti moja palikuwa wazi.

"Erick, huku nje kuna mwarobaini?"

Walitoka uani. Kulikuwa na kisiki tu, kikavu, kimekaliwa na kuku. Jirani akasema kwa juu ya ukuta kwamba mti ulikatwa zamani, mizizi yake ilikuwa inapasua shimo la choo.

"Hivyo majani yalitoka nje ya nyumba hii," alisema Debora, huku akiyatia kwenye bahasha. "Washa gari. Twende Kibaigwa."

"Kibaigwa kuna nini?"

"Elieth anasema kurasa alikuwa anampelekea binamu yake, muuza karanga. Uliwahi kwenda kumwuliza huyo binamu?"

Erick akaenda kuwasha gari.

Kibaigwa ilikuwa Kibaigwa: malori, madalali, makapi ya mahindi yanaruka na kuingia mpaka kwenye meno. Joha, binamu yake Elieth, alikaa kando ya barabara kati ya wachuuzi wenzake, na sinia la karanga za kukaanga, zimefungwa pakiti ndogo ndogo za karatasi inayometameta. Kwenye kila pakiti palikuwa na kipande cha gari: taa hapa, gurudumu pale.

"Mbukwenyi," Debora aliwaamkia wanawake wale kwa Kigogo, kama mtu wa kwao. Wakaitikia kwa pamoja. "Dada, karatasi hizi unazipata wapi?"

"Kwa Elieth. Yule mliyemfungia."

"Anaziiba?"

"Aibe uchafu?" Joha akakunjua pakiti moja, akaiinua juani. Matundu ya mchwa yakapitisha mwanga kama chekecheke. "Tazama basi. Mzee wake akiona mchwa wameingia kwenye gazeti, anamwambia litoe, litaambukiza mengine. Badala ya kuchoma ananiletea mimi. Kama huo ni wizi, mngemfunga pingu mchwa."

Wanawake wakaangua kicheko. Erick akatazama malori.

Debora alikuwa ameshatia karanga moja mdomoni. Ulimi ukakutana na wino, na chini ya wino ile ladha ya chumba cha Mzee Cornel. Akatema kwenye kitambaa. Kwenye karanga nyingine iliyobaki kiganjani, herufi ya Kizungu ilikuwa imejichapa ubavuni, imegeuka nyuma mbele.

"Mnawalisha watu hii?"

"Madereva wanaipenda, mama. Wanakula wanatazama magari. Afadhali hao, wanakula." Joha akashusha sauti. "Kuna mzee mmoja dalali, yeye si mzima. Ananunua karanga zangu, anazimwaga chini, kuku wanakula. Anachukua karatasi. Halafu anainusa! Anainusa hivi, macho yamemlegea, kama beberu aliyenusa jike."

"Anaitwa nani?"

"Ulimboka. Yule pale juu ya magunia."

Erick alikwisha shika pingu kiunoni. "Ndiye huyo, afande. Mmoja wa wale wa Jumapili."

"Mwache kwanza tumwamkie."

Mzee Ulimboka alikuwa na tumbo lililotangulia na shati lenye mfuko wa kifuani uliotuna. Mfuko ulikuwa umelowa mafuta ya karanga, na karatasi zilichungulia humo zimekunjwa vizuri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mmekuja kwa ajili ya Cornel."

"Tumekuja. Hizo karatasi mfukoni?"

Mzee akazitoa bila haya, akainyoosha moja pajani kwa kiganja. Kiganja kilikuwa kinang'aa mafuta. "Pijo hii, ona shingo yake. Siku hizi hawaundi tena gari lenye shingo. Nilipoziona kwa huyu binti nikaogopa, nikadhani Cornel ameanza kugawa yaliyo mazima. Nikawa nakagua."

"Kwa kumwaga chakula chini."

"Karanga zitaota nyingine, mwanangu."

Debora alihesabu kimyakimya watoto aliowaona njiani wakiokota punje za mahindi chini ya malori. "Alhamisi ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa. Uliza watu wa mizani."

Haikuhitajika kuuliza. Wachukuzi wa magunia walikuwa wamesimama kusikiliza, na mmoja akadakia, "Alhamisi si ndiyo aligombana na dereva wa lori tangu asubuhi mpaka magharibi? Mama, Alhamisi huyu mzee alitutoboa masikio!"

"Alinitukania marehemu bibi yangu," alisema Ulimboka.

"Na wewe ukamtukania tairi zake!"

Wakacheka. Erick akaachia pingu. Debora alifungua bahasha akatoa jani moja.

"Mzee, hili linakuambia nini?"

Ulimboka hakuligusa. Alirudisha mikono nyuma kama mtoto aliyezuiwa. "Linaniambia kuna mtu alifungua sanduku. Sheria ya Cornel hiyo. Ukifungua sanduku, hulifungi mpaka umebadili majani. Hata kama umetoa gazeti moja tu. Na kwa kuwa mti wake ulikatwa, kila mtu anakuja na majani yake kutoka kwake. Asiye na majani hasomi, anakaa anasikiliza."

"Elieth je?"

"Elieth!" Mzee akacheka kwa pua. "Huyo hakuruhusiwa hata kufagia karibu. Anajuaje mambo ya majani?"

"Haya yalikuwa kwenye la hamsini na nane. Na gazeti moja halimo."

Kicheko kikakatika. Ulimboka akashika magunia. "Lipi? Usiniambie la Kongwa. Lina picha ya kigari kimekwama matopeni Kongwa, watoto wetu wanakisukuma, wamevaa mashuka, wanacheka. Katika magazeti yote yale, dunia nzima ile ya magari, ni picha moja tu yenye kwetu. Mgongo wake Cornel aliushona mwenyewe kwa uzi mwekundu wa fundi viatu. Limepotea?"

"Limepotea."

Machozi yakamtoka. Makubwa, yakapita kwenye mashavu yenye vumbi la pumba yakaacha njia. Tangu waanze kuongea, jina la Cornel lilikwisha tajwa, kifo chake kilikwisha tajwa, na jicho lilikuwa kavu. Debora akajisikia kama mtu aliyekanyaga kitu laini gizani.

"Nani alilitaka?" aliuliza.

"Sote tulilitaka."

"Nani zaidi?"

Mzee akafuta uso kwa kiwiko. "Mimi sitaki kumtaja mtu."

"Mzee wangu, kuna mama mwenye mtoto wa kunyonya, kesho anapelekwa gerezani kwa sababu ya sanduku hilo. Nani?"

"Mudrick ana pengo," alisema Ulimboka, polepole.

"Pengo?"

"Anao mwaka mzima wa hamsini na nane, isipokuwa hilo. Jumapili hata kahawa hanywi. Anakaa analitazama sanduku. Sisi tukawa tunamtania, Mudrick, ziba pengo, ulimi usichezee. Tunacheka. Yeye hacheki."

"Anafanya kazi gani?"

"Fundi wa kupiga magari rangi. Mjini, ukipita reli."

Jua lilikuwa limeshaanza kulala upande waliporudi Dodoma. Debora hakwenda gereji moja kwa moja. Alipitia kwa mwenyekiti wa mtaa, akamwomba afuatane nao kushuhudia upekuzi, maana ushahidi uliokamatwa bila shahidi mahakamani ni makapi. Mwenyekiti akavaa viatu akaja.

Gereji ya Mudrick ilikuwa uwanja wa mchanga wenye magari yaliyobandikwa magazeti vioo vyote, yanasubiri rangi. Hewa ilikwaruza koo. Pembeni, juu ya mashine ya kupulizia rangi, ulisimama mwarobaini, na Debora akautazama mti huo kuliko alivyoyatazama magari. Upande mmoja ulikuwa kijani kama miarobaini yote. Upande wa mashine ulikuwa bluu. Akachuma jani la bluu, akaligeuza. Akalikwaruza kwa ukucha. Chini ya bluu kulikuwa na nyeupe.

"Karibuni, karibuni!" Mudrick alitoka akiinama kwenye mlango wa stoo yake, maana alikuwa mrefu kupita mlango. Mtu wa makamo, mtanashati, kucha safi kuliko za fundi yeyote. "Shikamoo, mama. Gari gani linahitaji rangi?"

"Marahaba. Sina gari. Nimeambiwa una magazeti."

Uso ukamfunguka kama dirisha. Hakuuliza nani kamwambia, wala mwenyekiti na kijana mwenye pingu wanatafuta nini. "Nawa mikono kwanza," alisema.

Akawamiminia maji wote kwa jagi, akawapa taulo. Ndani ya stoo palikuwa safi mno. Huwezi kuamini kuna gereji nje. Magazeti yalivikwa mifuko ya nailoni, moja moja, kama mahirizi.

"Ukiliona gari barabarani, mama, umeliona limekwisha," alisema Mudrick, akipitisha kidole hewani juu ya mifuko, pasipo kugusa. "Limechoka, lina kutu, mwenyewe analitukana. Humu ndani halichakai. Ukisoma jinsi mlango wake unavyofunga, unausikia unafunga. Nusa hili. Nusa, usiogope."

Debora akanusa. Nailoni, na mwarobaini. "Mwaka wa hamsini na nane unao wote?"

"Wote." Alilisema neno hilo kama bwana harusi. "Umetimia."

"Nionyeshe wa mwisho kuja."

Alisita kidogo tu. Ugonjwa ukamshinda. Akalitoa kwenye mfuko wake, akaliweka mezani juu ya taulo. Mgongo wa gazeti ulikuwa umeshonwa kwa uzi mwekundu wa fundi viatu.

"Mwenyekiti, umeuona uzi?" aliuliza Debora.

"Nimeuona."

"Mudrick, mimi ni Inspekta Debora Mazengo, wa upelelezi. Hulazimiki kusema neno, na utakalosema litaandikwa na kutumika mahakamani. Gazeti hili umelipata wapi?"

Mudrick alinyoosha taulo chini ya gazeti. "Mzee Cornel alinipa. Jumapili, siku chache kabla hajafa."

"Mbele ya wenzako?"

"Baada ya kuondoka wao."

"Ukabadili majani."

"Nilibadili. Ni sheria."

"Majani ya mti wako?"

"Ya mti wangu, ndiyo. Sasa mama, kuna ubaya gani, mwarobaini umejaa Dodoma nzima..."

Debora aliweka jani la sandukuni mezani. Kando yake akaweka lile la bluu. "Hili la bluu nimelichuma sasa hivi. Chini yake kuna nyeupe. Hili la sandukuni lina nyeupe peke yake. Gari jeupe ulipiga lini?"

Mudrick alitazama majani. Alitazama kifundi, akaielewa hesabu kabla ya wengine.

Akajibu kijana wake wa kupiga msasa, aliyekuwa amesimama nje anasikiliza: "Jeupe si lile la mchungaji? Jumatano. La bluu Ijumaa."

"Jumapili mti huu ulikuwa haujamwagikiwa hata tone la nyeupe," alisema Debora. "Ijumaa ukawa bluu. Jani jeupe bila bluu limechumwa katikati. Alhamisi ulikuwa kwa Mzee Cornel."

Nje mashine ya upepo ilijizima yenyewe.

"Sikumpiga," alisema Mudrick.

"Najua hukumpiga. Pampu."

Mrefu yule akaketi. Alipoketi akawa mtu mwingine, magoti yamemfika kifuani. "Tulibishana. Nilimwambia anibadilishe, nimpe mwaka mzima wa sitini, mzima, hauna hata doa. Akakataa. Akaanza kubanwa. Akaitoa pampu mfukoni, ikamponyoka. Nikaiokota."

"Ukampa."

"Nilimwambia, mzee, kubali tu, nitakupa. Akatingisha kichwa kukubali, akaonyesha sanduku."

"Ndipo ukampa."

"Nilitaka kwanza nihakikishe."

"Uhakikishe nini?"

"Kama kurasa zimetimia. Mara nyingi unakuta wamekata picha za katikati."

Debora aliinama kidogo, kama ambaye hakusikia. "Mtu anakata roho miguuni pako. Wewe unakagua kurasa."

"Nilijua ni dakika tu. Lakini nilipofika kwenye ile ya Kongwa... mama, sikuwahi kuachiwa niishike mwenyewe. Kuna mtoto pale nyuma ya gurudumu, tope limemrukia usoni, na meno yake yanaonekana yote. Nikasahau. Nilipogeuka, mzee alikuwa kimya."

Mwenyekiti wa mtaa akafunua mdomo, akaufunga kwa mkono.

"Ukaiweka pampu juu ya rafu."

"Sikujua niiweke wapi."

"Na kabla hujaondoka ukabadili majani."

Mudrick alimwangalia kwa mshangao wa kweli, mshangao mtupu, kama ameulizwa kwa nini alifunga mlango wa nyumba yake. "Sanduku huwezi kuliacha bila majani. Wadudu wangeyamaliza yaliyobaki."

Debora alitoka nje. Alisimama kwenye mchanga akavuta pumzi mbili tatu za tina ya kuyeyushia rangi, na zilikuwa nafuu. Ndani alisikia Erick akifunga pingu, kisha sauti ya Mudrick, ya kubembeleza: "Afande, usilikunje. Tafadhali. Lishike kwa chini, mgongo usikatike. Au nawa kwanza, ulishika pingu."

"Lifunge kwenye mfuko wake, Erick," Debora aliita bila kugeuka, "na yeye mtie garini. Usinichanganyie."

Kituoni mkuu wa upelelezi alisoma maelezo ya Mudrick akiwa amesimama. Alipofika pale pa kukagua kurasa, akaketi. Akasoma mpaka mwisho, akaisukuma ile karatasi mbali naye kwa kalamu.

"Mtoeni yule mama," alisema.

Gladness, mdogo wake Elieth, alikuwa amefika kutoka Chamwino tangu mchana, anazungukazunguka nje ya kaunta na mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa amelia mpaka sauti imekuwa ya jogoo mgonjwa. Uji alikuwa ameutema, umemkaukia shingoni, nzi wanamfuata.

Elieth akaletwa. Mwanamke mfupi, miguu peku, gauni limemganda kifuani. Alimwona mtoto, akamwona Debora, akamwona Erick.

"Dada Elieth," alianza Erick, "pole sana. Aliyefanya tumempata. Unajua tena, ndiyo kazi."

Elieth akampita. Mtoto alikuwa amenyoosha mikono yote miwili, anatapatapa kwenye kanga ya Gladness, na Gladness akamfungua kumpa mama yake.

"Subiri," alisema Elieth.

"Dada, ana njaa!"

"Najua ana njaa. Nitampaje maziwa haya? Yamelala humu tangu Alhamisi, yamelala na hasira. Unataka aendeshe mpaka afe?"

Akatoka mpaka kwenye ngazi ya kituo, akafungua vifungo vya gauni mbele ya watu wote. Matiti yalikuwa yamevimba mawe, mishipa imesimama. Alikamua. Yalitoka kwanza mazito, ya njano, yamekatika kama mtindi uliozidi siku, kisha yakaanza kuruka. Yakapiga saruji, yakatiririka ngazi moja hadi nyingine, na harufu yake, chachu, nzito, ikaingia ndani mpaka kaunta. Uso wake ulisawijika kwa maumivu, lakini hakuacha. Askari aliyekuwa anapanda akaruka pembeni. Erick akageuza kichwa ukutani.

"Tazama," Elieth alimwambia.

"Dada, mimi..."

"Nimesema tazama. Hiki ni chakula cha mwanangu."

Erick akatazama. Debora naye akatazama; hakuna aliyemlazimisha. Elieth alikamua titi la kwanza, akalikamua la pili, mpaka yakaanza kutoka meupe, mepesi. Akajifuta kwa pindo la gauni. Hapo ndipo alipokaa kwenye ngazi ya juu, palipo pakavu, akaomba apewe mtoto wake.